Minyoo wa Kituo cha Saba

Kilonzo Maluki alikuwa amewachoka minyoo wa pwani. Si kwamba aliwachukia, la. Kwa miaka mitatu walikuwa wakimjia kila Jumanne kwa basi, wamelala katika matope yao ndani ya makasha ya barafu, na kila Jumanne aliwapokea kwa adabu zote. Aliwaosha, akawahesabu, akawatia kwenye maji safi ya bahari, ambayo nayo yalisafirishwa kilomita mia tano ili wageni wasikose raha. Kilichomkera ni kwamba yeye, fundi wa maabara katika chuo kimoja kando ya barabara kuu ya Thika, alilipwa kuchunguza afya ya bahari ambayo ameiona mara mbili tu maishani, huku kijito kinachopita nyuma ya nyumba yake kule Ruiru kikinuka na hakuna mtu hata mmoja wa kukipima.

Kazi yenyewe aliijua barabara. Mnyoo wa baharini huishi ndani ya matope na hula matope hayo hayo. Samaki maji yakimshinda atahama. Maji nayo ukiyapima leo unaweza kuyakuta hayana neno, kwa sababu mwenye kumwaga sumu alimwaga juzi na mkondo ukaichukua. Mnyoo habanduki. Risasi, kadimi, zebaki, chochote kilichotua pale chini kinamwingia mwilini kidogo kidogo na kukaa humo. Ndiyo maana mtu akitaka kujua kama ghuba fulani imeharibika, huwachimbua minyoo, akawakausha, akawasaga, akawayeyusha kwa asidi, kisha akauweka mchuzi wao kwenye mashine ya kupima madini.

Lakini ukiwa na haraka, mnyoo atakudanganya. Lazima umwache siku mbili kwenye maji safi atoe matope yote yaliyo tumboni, la sivyo utapima tope alilokula na kuliita nyama yake. Kwa jambo hilo Kilonzo hakuwa na mzaha. Kuna mwanafunzi mmoja wa shahada ya uzamili aliyewaacha minyoo wake saa moja tu kisha akawapeleka kwenye jiko la kukaushia. Kilonzo alimwaga sampuli zote kwenye sinki mbele ya macho yake. Mwanafunzi alilia, akashtaki, akashindwa, na tangu siku hiyo chuo kizima kikamwita Mzee wa Minyoo.

Alizaliwa mashariki ya Thika, baba yake akiwa kibarua wa kukata mananasi. Alifika maabara mwaka wa elfu moja mia tisa tisini na nne, kazi yake ikiwa kuosha vioo. Aliviosha miaka sita. Jioni alisomea cheti mjini Thika, na polepole mikono iliyokuwa ikiosha vioo ikaanza kuvitumia, hadi ikafika mahali wahadhiri wenye shahada tatu hawathubutu kuwasha ile mashine kama yeye hayupo. Alimwoa Wamboi, msichana wa Ruiru, ambaye mama yake alimwachia kipande chembamba cha ardhi kando ya kijito, upande wa nyuma wa eneo la Kamakis, kabla ya kuzuka vyumba vya kupanga na mabaa ya nyama choma. Kipande hicho hakifai kwa nyumba. Kinafaa kwa nduma, yale magimbi ya majini, na Wamboi alikuwa bingwa wa nduma. Asubuhi, kina mama wanaouza chai walikuwa wakizigombania.

Nduma hukaa ndani ya matope yenye maji. Sasa miaka minne iliyopita, kule juu kijito kinakotokea, kulifunguliwa yadi ya kuvunja betri kuukuu za magari. Yadi haina kibao. Kuna lango la mabati, kuna moshi, na mvua ikinyesha kuna maji ya kijivu yanayotoka chini ya ukuta. Mtu mwingine angeona uchafu tu. Kilonzo aliona risasi, kwa sababu miaka thelathini amefanya kazi na watu wanaoitafuta, na tangu hapo hakuweza kula nduma ya mkewe bila kuitazama kwanza.

Alijaribu njia ya sawasawa. Alikwenda ofisi ya maji, akaambiwa hilo ni la mazingira. Mazingira wakamwambia alete cheti cha maabara. Maabara yenye kibali ikamwambia sampuli lazima ichukuliwe na afisa. Afisa akamwambia gari halina mafuta, na lilipopata mafuta halikuwa na dereva. Kwa mwaka mzima walimpiga danadana, na kila aliyemgeuza alimgeuza kwa upole, akimwita mzee na kumsindikiza hadi mlangoni. Upole huo ulimchoma kuliko matusi.

Basi akamwendea Daktari Njau, mwenye mradi wa pwani.

"Daktari, naomba niingize sampuli sita tu. Za kijito cha nyuma ya kwangu."

"Mzee Kilonzo, unajua hii gesi ya mashine ni ya mradi. Wafadhili wakiniuliza nitawaambia nini? Mradi ni wa bahari."

"Hata hicho kijito kinaishia baharini, Daktari."

Njau alicheka kwa moyo mweupe. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa kijana wa Gatundu, mwerevu, mchapakazi, mwenye hofu ya wafadhili. "Andika barua," alisema. "Nitaipeleka kwa idara."

Barua iliandikwa. Ilikaa kwa idara miezi kumi na mmoja, na Kilonzo alipouliza aliambiwa iko mezani. Meza ya nani, hakuna aliyejua.

Huku nyumbani alikuwa ameshaanza. Minyoo wa kijito si kama wale wa bahari walio na urefu wa kidole. Hawa ni wembamba kama uzi, wekundu, wamejazana kwenye matope ya nduma vichwa chini mikia juu. Ili upate robo gramu iliyokauka unahitaji mamia. Jumamosi tatu Kilonzo alichuchumaa katikati ya nduma, suruali imekunjwa magotini, akipepeta matope kwa chujio la chai.

"Baba Tabby, hiyo chujio si ni yangu?" Wamboi alimuuliza.

"Nitakununulia ingine."

"Watu wako na mabwana wanaenda kuona mpira. Mimi wangu anashika minyoo."

Alisema akicheka, lakini lilipokuja suala la nduma zenyewe hakucheka. "Hizi nduma ndizo zilinilea. Mama alizila mpaka miaka themanini na mbili. Sasa unataka kuniambia nini?"

"Mama yako alikufa kabla ya yadi."

"Nionyeshe karatasi. Nikiona karatasi nitang'oa hata leo."

Ndilo alilotaka Kilonzo, na ndilo alilotaka kila mtu pale kijitoni. Majirani wanane walikuwa na nduma kwenye mkondo ule ule, na wote walimjibu hivyo hivyo. Akileta karatasi, watang'oa. Asipokuwa nayo, basi aache kuharibia watu biashara. Wajukuu wa watu walikuwa wakilishwa nduma zilizopondwa asubuhi na jioni, na Kilonzo akiwapita njiani aliona uchungu, kwa kuwa karatasi ile ilikuwa umbali wa mashine moja ambayo yeye ndiye mwenye ufunguo wake.

Aliwaweka minyoo wake siku mbili kwenye maji safi, akiyabadilisha kila saa sita. Akawakausha, akawasaga, akawatia kwenye vichupa sita. Unga wa kahawia, usio na tofauti yoyote na unga wa minyoo wa pwani. Vichupa vikakaa kwenye droo yake vikingoja barua.

Mwezi wa Julai basi la pwani likaharibika njiani kwa siku moja na nusu. Makasha mengine yalinusurika, lakini lile la kituo cha saba lilikuwa upande wa jua. Kilonzo alipolifungua harufu ilimrudisha nyuma hatua mbili. Minyoo wa kituo cha saba walikuwa wameoza hadi hawana umbo. Aliwamwaga, akaketi, akatazama orodha ya kazi ya wiki iliyofuata. Vituo kumi na viwili, sampuli sita kila kimoja. Mashine ingewashwa, gesi ingewaka, na nafasi sita zingepita bure.

Usidhani namtetea. Alijua anachofanya. Wiki iliyofuata, minyoo wa vituo vingine walipokwisha kusafishwa, kukaushwa na kusagwa, alifungua droo, akavitoa vichupa vyake, akavipanga kwenye nafasi ya kituo cha saba, akauyeyusha unga wote kwa asidi. Hesabu yake ilikuwa nyepesi. Daktari yuko Naivasha kwenye warsha mpaka Jumatatu. Yeye atasoma namba Alhamisi, atazinakili kwenye daftari lake, kisha kwenye rekodi atafuta safu hiyo na kuandika "sampuli ziliharibika", jambo ambalo lilikuwa kweli tupu. Miaka thelathini na moja hakuwahi kuchezea safu hata moja. Alijiambia, liwe liwalo.

Alhamisi saa nne mashine ilianza kusoma. Kituo cha kwanza, mikrogramu tisa za risasi kwa kila gramu. Cha pili, saba. Cha tano, kumi na nne, na hiyo ndiyo iliyokuwa kubwa. Kisha ikaja safu ya saba: mia mbili na sita. Mia mbili na kumi na moja. Mia moja tisini na nane. Zote sita hivyo hivyo.

Kilonzo alivua miwani akaifuta, akaivaa tena. Aliogopa, na ndani ya woga ule alifurahi, akajichukia kwa kufurahi. Alikuwa sahihi. Alinakili namba zote, kisha akanyoosha kidole afute safu. Kabla hajaigusa simu ikalia.

"Mzee! Umeona kituo cha saba?" Ilikuwa sauti ya Njau, na nyuma yake kelele za watu wakinywa chai. Kompyuta ya mashine ilikuwa imeunganishwa na simu ya Njau wiki mbili kabla, na wengine walipofundishwa jambo hilo, Mzee wa Minyoo hakuitwa. "Mia mbili! Umerudia?"

"Daktari, hiyo ya saba..."

"Usiguse kitu. Hongera sana, Mzee. Nakuja."

Simu ikakatika. Alipiga, haikushikwa. Alipiga tena, ikawa inatumika. Njau alikuwa akiwapigia wengine.

Hapa ndipo hasira inaponishika hata mimi ninayesimulia. Kilonzo alizunguka ofisi mwaka mzima asipate afisa mmoja wa kushuka mtoni. Namba zile zile, za minyoo wale wale, zilipoitwa za pwani, zilitembea kwa siku moja. Ijumaa asubuhi Njau alifika maabara na habari kwamba wafadhili wamejibu, afisa wa pwani amejibu, na kuanzia Jumatatu kina mama wanaookota chaza karibu na kituo cha saba watazuiwa kuingia majini.

"Kina mama wangapi?" Kilonzo aliuliza.

"Arobaini, hamsini hivi. Ni uchungu, lakini si unaona namba?"

Kilonzo alishika ukingo wa meza. Angeweza kunyamaza. Kazi ingebaki, heshima ingebaki, na wanawake hamsini asiowajua wangelala njaa kwa sababu ya risasi iliyo chini ya nduma za Wamboi. Alijikaza.

"Daktari, hao si minyoo wa pwani. Wa kituo cha saba walioza. Hao ni wa kwangu, wa Ruiru."

Njau alingoja aambiwe ni utani. Alipoona hakuna utani alivuta kiti akaketi.

"Umenimaliza," alisema taratibu. "Mzee Kilonzo, wewe! Ingekuwa mwanafunzi ningeelewa."

"Nilikosea. Lakini namba ni ya kweli."

"Hiyo namba haipo."

"Ipo, Daktari. Ila haiko pwani. Ondoa kwa ripoti yako uniandikie hata mistari miwili. Sema ni za kijito. Watu wanakula pale."

"Niandike nini? Nani alichukua sampuli? Alikuwa na kibali gani? Alitumia kifaa gani?"

"Chujio la chai."

"Chujio la chai!" Njau alisimama, akazunguka meza, akarudi. Sauti yake ilipotoka ilikuwa ya mtu anayeumia. "Mzee, mimi nimekula nduma tangu nizaliwe. Najua unasema nini. Lakini nikiweka sahihi hapo wataniuliza hizo namba zilifikaje kwa mashine yangu, na mradi wote unaenda. Siwezi. Na hata ukipewa hiyo karatasi, umepima minyoo. Hujapima nduma."

Hilo la mwisho lilikuwa kweli, na Kilonzo alilijua kabla ya kuambiwa. Minyoo walisema matope yamejaa risasi na kwamba inapenya kwenye kilicho hai. Ni kiasi gani kimeingia kwenye nduma, hilo lilihitaji vichupa vingine, gesi nyingine, barua nyingine. Njau aliketi mbele ya kompyuta akafuta safu ya saba, kisha akawapigia watu wa pwani kuwaambia namba ilikuwa kosa. Akachukua pia daftari la Kilonzo, kwa sababu ni mali ya maabara, na ukurasa wenye namba ukaenda nalo. Kufika saa nane Kilonzo alikuwa na barua ya likizo ya lazima. Barua yake mwenyewe ilikaa kwa idara miezi kumi na mmoja, na hii ya kumtoa ilichapwa, ikasainiwa na kupigwa muhuri kwa saa tatu.

Alifika nyumbani jua lingali juu. Wamboi alikuwa jikoni. Kilonzo alimsimulia yote, akiwa amesimama mlangoni, hata sehemu za aibu.

"Kwa hivyo karatasi?" Wamboi aliuliza.

"Hakuna."

"Na daftari?"

"Walichukua."

Wamboi aliendelea kukata vitunguu. Kilonzo alingoja maneno makali, na angeyapokea, maana alistahili. Ila mkewe alipoinua uso ulikuwa umelegea.

"Wewe umewahi kurudi hapa na shati moja ya watu? Chupa moja ya maabara?" alisema. "Miaka yote hiyo. Sasa umeiba mashine juu ya hii matope. Mimi sitaki karatasi. Kesho tunang'oa."

Walianza Jumamosi alfajiri. Wamboi hakutaka kusaidiwa kwenye mistari ya mwanzo, ile aliyoipanda mama yake. Aliingia matopeni peke yake, akazungusha kila shina kwa mikono miwili hadi lilipoachia, akalirusha ukingoni. Alilia bila kujificha, akijifuta kwa bega kwa sababu mikono ilikuwa michafu. Kilonzo akafuata mistari iliyobaki. Kufika saa nne kipande chote kilikuwa maji matupu ya kahawia, na nduma zikiwa zimerundikana kando ya kijia, nene, safi, mavuno mazuri kuliko ya mwaka wowote.

Kilonzo alienda nyuma ya nyumba kuchimba shimo la kuzifukia. Wamboi aliingia kuoga. Shimo lilikuwa limemfika magotini aliposikia vicheko upande wa kijia.

Pale kijitoni kuna desturi ambayo hakuna anayeikumbuka ilianza lini. Mtu akivuna kitu kikamwelemea, hukirundika kando ya kijia, na kilicho kijiani ni cha mpita njia. Huulizi, unabeba, unashukuru ukishakutana na mwenyewe. Wamboi amekulia humo. Mikono yake iliziweka pale pale inapoziweka siku zote, na akili yake ilikuwa kwa mama yake.

Kilonzo alipotokea, rundo lilikuwa limebaki majani. Zacharia, binamu ya Wamboi, alikuwa akifunga gunia la mwisho. Juu ya gunia alikuwa amepanga miche.

"Muthoni!" Zacharia aliita kwa furaha, kama Wakikuyu wanavyomwita shemeji. "Mmetuonea huruma sana leo. Hii mbegu ya cucu, mama ya Wamboi, nimeitafuta miaka."

"Weka chini, Zacharia. Ina sumu. Tumeing'oa kwa sababu ya ile yadi. Nimepima."

"Umepima?" Zacharia alitua gunia, akamtazama kwa heshima ya kweli, kwa sababu wote walijua anafanya kazi chuoni. "Si ulisema utaleta karatasi? Iko wapi?"

 Alikuwa na namba zote kichwani, moja baada ya nyingine, na angeweza kuzitaja mpaka sehemu ya kumi. "Mia mbili na sita," alisema. "Mia mbili na kumi na moja. Zacharia, nakuapia."

"Za nduma?"

Angesema ndiyo. Neno moja tu, na magunia yote yangerudi.

"Za minyoo," alisema.

Zacharia aliangua kicheko, si cha dharau, cha mtu aliyepata utani mzuri asubuhi ya Jumamosi. Akajitwisha gunia. Kilonzo alilishika kwa nyuma, wakavutana kidogo, wazee wawili wenye matope, hadi mwenye shamba la jirani akaanza kuwatazama na Kilonzo akaachia kwa aibu. Alienda nyumba ya pili, akakuta sufuria tayari iko motoni. Nyumba ya tatu walimshukuru kabla hajasema kitu, wakamwombea heri. Ya nne mama mwenye nyumba alikuwa akimpondea mtoto nduma kwa kijiko, akipuliza ipoe.

"Ingia, Baba Tabby," alimwambia, akimsogezea kiti. "Ni zenu hizi. Keti nikuwekee sahani."